Deni la Wifi

Mtaani walimwita Mama Povu, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Alikuwa dobi. Alianza na beseni na kamba uani kwake, mwaka ambao mshahara wa mumewe ulichelewa mpaka watoto wakafukuzwa shule, lakini wakati wa habari hizi alikuwa ameshavuka huko. Alikuwa na banda refu la matofali nyuma ya maegesho ya malori. Ndani mlikuwa na mashine za kufulia ambazo mtu mzima angeweza kuingia na kukaa, mashine za kukaushia zilizonguruma kutwa, na meza ya kukunjia shuka iliyong'aa kwa kusuguliwa na nguo. Wanawake aliowaajiri walisimama wawili wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakikaribiana na kuachana kama wanaocheza ngoma, na mdomo wa Mama Povu ulikuwa juu yao muda wote.

"Ukitaka kumjua mtu usimwangalie usoni," alikuwa akiwaambia. "Niletee foronya yake."

Wakicheka, aliongeza, "Na mkitaka kuvunja ndoa za watu, semeni mnayoyaona kwenye shuka za nyumba za wageni."

Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mpole, mwenye kusema maneno machache na kuyarudia. Watoto wao walikwisha kuolewa na kuoa, kila mmoja na shida zake huko aliko. Jirani nao, nyumba ya tatu kutoka kona, aliishi dada yake Mwalimu, mjane. Huyo ndiye Wifi. Wake wengine huwakimbia mawifi, lakini hawa wawili walikuwa chanda na pete. Jumapili walikaa barazani wakimsema Mwalimu yeye mwenyewe akiwa hapo hapo, na yeye alijificha nyuma ya gazeti akitikisika kwa kicheko.

Mambo yalianza kwenda kombo kwa njia ya neema. Hospitali moja ya binafsi ilimwita Mama Povu, ikampa kazi ya shuka zake zote, mashuka ya wodi, mavazi ya chumba cha upasuaji, mapazia, kila kitu. Mkurugenzi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, tutazeeka pamoja," alimwambia. Mashine alizokuwa nazo zisingeweza kazi hiyo. Akaenda kwa muuza mashine, akapewa kubwa zaidi kwa mkopo, za kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Zilikuwa kubwa mno hata hazikupita mlangoni. Ilibidi ukuta wa nyuma ubomolewe, mashine ziingizwe, kisha ukuta ujengwe tena.

Mwaka wa kwanza hospitali ililipa vizuri. Wa pili ikaanza kuchelewa. Baadaye ikawa njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, mhasibu amesafiri, mhasibu anaumwa. Shuka ziliendelea kuja, tena na damu yake, na Mama Povu aliendelea kufua, maana angeacha angepoteza na kile alichokuwa anadai. Umeme ulitaka kulipwa. Sabuni alikuwa akichukua kwa mali kauli kwa muuza sabuni mmoja mwenye duka pale kona, mzee mcheshi aliyekuwa akimtania kwamba wakioana watamaliza uchafu wote wa dunia.

Hapo ndipo Wifi alipoingia. Alikuja mchana mmoja na mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza ya kukunjia. Ndani mlikuwa na kiinua mgongo cha marehemu mumewe, karibu chote.

"Wifi, sikukuomba," Mama Povu alisema.

"Ungeniomba ningekasirika. Chukua. Hawa wa hospitali wakilipa utanirudishia."

Jioni Mwalimu alipopata habari alisimama katikati ya chumba. "Hela ya dada usiiguse," alisema. "Nasema usiiguse."

"Wewe nyamaza," Wifi alimjibu kutoka jikoni. "Haya ni ya wanawake."

Hawakuandikishana. Nani angemwandikisha mwenzake, na shahidi awe nani?

Hospitali haikulipa. Iliuzwa. Wenyewe wapya walikuja na dobi wao, wakasema madeni ya zamani yamebaki kwa waliouza, na waliouza hawakupokea simu tena. Mama Povu alizunguka kama pia, ofisi hadi ofisi. Mwisho alisimama nje ya geti la hospitali hiyo na kuona gari la mtu mwingine likipakia mashuka aliyoyajua hata viraka vyake, akarudi bandani na kuwaambia wanawake wake wakae chini. Hata siku hiyo aliwachekesha. Lakini wawili aliwaambia wasije tena kuanzia Jumatatu.

Miezi iliyofuata Wifi alianza kumwaga chai pembeni ya kikombe. Mwanzoni walimcheka, na yeye akajicheka. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na asipopasuliwa atabaki kwenye giza. Wifi hakudai kitu. Aliuliza tu siku moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Wifi, wale wa hospitali bado?"

Wiki hiyo hiyo Mama Povu aliuza gari lake la kusambazia nguo, akaenda kwa Wifi na kumwekea fedha yake mapajani, yote.

"Na wengine wanaokudai?" Wifi aliuliza.

"Wengine wana macho."

Wifi alipasuliwa jicho la kushoto. Lilipofunguliwa bandeji alimtazama Mama Povu kwa muda, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, wifi yangu!" wakacheka mpaka muuguzi akawatoa nje. Jicho la kulia liliambiwa lisubiri la kwanza lipone. Fedha iliyobaki Wifi aliiweka benki.

Bila gari, kazi ilipungua. Muuza mashine alisubiri malipo ya miezi kadhaa bila kuyaona, kisha akaenda mahakamani kuomba Mama Povu atangazwe muflisi.

Mama Povu alipata wakili kijana, msichana aliyevaa viatu vilivyomzidi na aliyekuwa akila biskuti badala ya chakula cha mchana. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba kuna njia. Mdaiwa anaweza kupeleka mahakamani pendekezo: aachiwe vitendea kazi vyake, alipe wadai wote pole pole kwa miaka kadhaa, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Jaji akilikubali, hafilisiwi.

Mama Povu alilipokea neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba shimoni. Kwa majuma kadhaa alikaa na wakili wakihesabu. Nyumba za wageni zilikuwa bado zake. Chuo kimoja kilikuwa kimeahidi kumpa mashuka ya mabweni. Angefanya kazi mwenyewe, na Mwalimu angekunja.

"Mwalimu, utakunja?" alimuuliza.

"Nitakunja," alisema. "Nitakunja."

Wadai waliitwa. Muuza sabuni alikubali. Benki, iliyokuwa ikimdai mkopo mdogo, ilikubali kwa shingo upande. Muuza mashine alikataa, na kwa kuwa deni lake lilikuwa kubwa kuliko mengine yote, uamuzi ukabaki kwa jaji.

Siku walipokuwa wakimalizia maelezo ya kiapo wakili aliuliza kama kuna mdai yeyote aliyelipwa katika mwaka uliopita.

"Yuko," Mama Povu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaharibike alinyoosha mgongo. "Wifi yangu. Nilimlipa yote, sikumbakizia hata senti."

Wakili aliacha kutafuna. "Lini, mama?"

Akamwambia.

"Wakati huo ulikuwa unaidai hospitali, huwezi kulipa mashine, huwezi kulipa sabuni?"

"Ndiyo. Lakini wifi nilimlipa. Liandike vizuri hilo, mwanangu, ili jaji aone mimi si mtu wa kukimbia deni."

Wakili alimtazama sana. "Nitaliandika," alisema. "Hata usingetaka ningeliandika, kwa sababu ni kiapo. Lakini mama, sijui kama atalisoma unavyolisoma wewe."

Mama Povu hakulisikia hilo. Au alilisikia, likapita.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Jaji alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na Mama Povu alipoiona kola yake nyeupe alifikiri, huyu anafuliwa na mtu anayejua. Jambo hilo lilimpa moyo. Mwalimu alikaa upande wake wa kulia na Wifi upande wa kushoto, kwa kuwa Wifi alikataa kata kata kubaki nyumbani.

Wakili wa muuza mashine hakupaza sauti. Alisema barua ya chuo ilikuwa ahadi tu, haikuwa mkataba. Alisema mashine zinachakaa kila siku zinapozunguka. Kisha akafungua ukurasa alioupigia mstari. Akasema mdaiwa mwenyewe amekiri kwamba, akiwa hana uwezo wa kulipa wadai wake, aliuza gari na kumpa ndugu wa mumewe thamani yote ya deni, na wengine akawaacha mikono mitupu.

Wifi aliinua kichwa. "Ananisema mimi?" alinong'ona.

"Nyamaza, dada," Mwalimu alisema.

Jaji alisoma uamuzi wake polepole, akisimama mara kwa mara kama aliyetaka mtu wa nyuma naye aelewe. Alisema haoni mapato ya kutegemewa. Alisema sheria inawataka wadai wote wasimame sawa mbele ya mali ya mdaiwa, na mdaiwa akishawachagulia nafasi, huyu mbele na yule nyuma, mahakama haiwezi kumwamini tena kuwagawia. "Kwa sababu hizo pendekezo la mdaiwa linakataliwa. Mdaiwa anatangazwa kuwa muflisi kuanzia leo, na mali yake yote itakuwa chini ya msimamizi."

Mama Povu alimgusa wakili wake. "Kwa hiyo tumepewa muda gani?"

Wakili alitazama viatu vyake.

"Mwanangu, nimekuuliza. Muda gani?"

"Hatukupewa, mama."

Alisimama kabla karani hajamzuia. "Mheshimiwa," alisema, "mimi sijakataa kulipa. Mimi nataka kulipa. Niachieni mashine zangu nifue, nilipe. Mkizichukua nitalipa na nini?"

Jaji alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Nimekusikia, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Naamini unataka. Lakini sikuulizwa hilo."

Nje, kwenye korido, muuza sabuni alikuwa akimsubiri. Mama Povu alifikiri anakuja kumpa pole, akatafuta neno la utani wa siku zote. Mzee hakuwa na utani.

"Mama Povu, mimi niliunga mkono upewe nafasi," alisema. "Nimewapunguza watu kwangu kwa ajili ya deni lako, na bado niliunga mkono. Lakini nimekaa pale ndani nimesikia. Niambie kitu kimoja tu. Siku ile ulipoenda kumlipa wifi yako, ulipita mbele ya duka langu?"

Hapakuwa na njia nyingine ya kwenda kwa Wifi.

"Nilipita," alisema.

Mzee alitikisa kichwa, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Msimamizi aliyeteuliwa alikuwa bwana mmoja nadhifu, mwenye adabu hata akakera. Alikuja bandani na kufuli mpya. Aliwaita wale wanawake kwa heshima, akawaambia madai yao ya mishahara atayashughulikia, akawataka watoke. Mmoja alitoka na kitambaa alichokuwa akikunja bado mkononi, akakumbuka akiwa nje, akakirudisha. Mashine hazikupita mlangoni. Ukuta wa nyuma ulibomolewa mara ya pili, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mtu wa kuujenga tena, mvua iliyonyesha wiki ile iliingia mpaka kwenye meza ya shuka.

Mama Povu alidhani hapo ndipo mwisho. Alimwambia Mwalimu, "Sasa hawana cha kuchukua. Tutaishi hivi hivi." Kwa siku kadhaa hata alilala. Pensheni ya Mwalimu ilikuwa ya Mwalimu, na nyumba ilikuwa ya kurithi upande wake. Wangekula.

Kisha msimamizi alipiga simu. Alimwomba afike ofisini kwake, na aje na wifi yake.

Walikwenda wote watatu. Mama Povu alimshika Wifi mkono, maana jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa na magari ya upande huo hakuyaona. Msimamizi aliwakaribisha viti, akawaagizia chai, kisha akaeleza. Fedha aliyolipwa bibi huyu, alisema, ilitoka katika mali ambayo kisheria ilikuwa ya wadai wote. Ilikuwa haki yake kudai, ndiyo. Lakini alilipwa kwa upendeleo. Kwa hiyo inabidi irudi, igawiwe, na yeye bibi atapata fungu lake kama mdai mwingine yeyote.

"Fungu gani?" Mwalimu aliuliza.

Msimamizi alitaja. Ilikuwa kama nauli.

Wifi alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Kijana," alisema hatimaye, "hela nyingine iko kwenye jicho langu. Utaitoaje?"

Msimamizi aliona haya, hilo lilionekana. Alisema hakuna anayetaka kumtesa mtu. Iliyobaki benki ingerudishwa sasa, na iliyotumika wangeelewana, kidogo kidogo, labda kutoka kwenye kodi ya chumba kimoja anachopangisha nyumbani kwake.

"Iliyoko benki ni ya jicho la pili," Mama Povu alisema. "Bwana, tafadhali. Nifunge mimi. Niandike mimi kwamba nitalipa hiyo."

"Mama, wewe huwezi kuahidi deni sasa. Wewe ni muflisi."

Alilisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kwamba kofia yake imepinda.

Wifi alitia sahihi. Kwa kuwa hakuuona vizuri mstari, msimamizi alimwekea kidole pale pa kuanzia. Walipotoka nje jua lilikuwa kali, na watu wengi. Mama Povu alinyoosha mkono kumshika, Wifi akauondoa wake.

"Dada," Mwalimu alianza.

"Ngoja." Wifi aligeuza uso wote ili jicho zima limpate Mama Povu. "Ungeniacha nikudai. Hilo tu. Ningekaa nakudai mpaka nife, ningekuwa bado nina mtu wa kumdai. Leo mahakama inanidai mimi. Mimi, katika umri huu, naitwa mdaiwa kwa hela ya mume wangu aliyelala kaburini."

"Nilitaka uone, wifi."

"Nimeona," alisema, akamshika kaka yake mkono, wakatangulia.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakumgombeza mkewe. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alikula, alishukuru, alikunja gazeti. Jioni alibeba chakula kwenye hotipoti akampelekea dada yake mwenyewe, na aliporudi hakusema habari za huko. Mara moja tu, Mama Povu alipomuuliza Wifi anaendeleaje, alisema, "Nilisema usiiguse." Mama Povu alisubiri airudie, kama kawaida yake. Hakuirudia.

Mama Povu alipata kibarua cha kufua kwa mkono kwenye mojawapo ya nyumba za wageni zilizokuwa zikimletea mashuka. Mwenye nyumba alimwonea huruma, na huruma hiyo aliilipia kidogo. Mshahara ulipozidi kile ambacho msimamizi alikiita mahitaji ya lazima, uliozidi ulikwenda kwa wadai, basi mwenye nyumba akaona hakuna haja ya kumwongeza. Wasichana aliofua nao walikuwa wadogo na hawakumjua. Walimwita bibi. Hakuwaambia kitu kuhusu foronya.

Wifi alipangisha na chumba chake cha kulala, akahamia sebuleni. Jicho la kushoto, lililokuwa limepona vizuri, lilianza kuchoka kwa kufanya kazi ya mawili.

Mwezi mmoja Mama Povu alijibana akanunua sukari, sabuni, na kanga mbili, akaenda. Alibisha. Kitambo kikapita ndipo akasikia miguu ikisugua sakafu, mtu akipapasa ukuta. Mlango ulifunguka nusu. Wifi alisimama kizingitini, akageuza kichwa, jicho zima likamtafuta, likampata.

"Unamtaka nani?"

"Ni mimi, wifi."

"Najua ni wewe," alisema. "Nimeuliza unamtaka nani. Kaka yangu hayupo."

Mama Povu aliushikilia mfuko mbele yake kwa mikono miwili. Ndani, mpangaji mpya alikuwa akicheka na redio.

"Nimekuletea sukari," alisema.

"Weka hapo chini."

Aliuweka. Wifi hakuinama kuuchukua wala hakufunga mlango. Alisimama tu akingoja aondoke, na Mama Povu akaondoka. Mbele ya duka la sabuni alivuka barabara, akatembea upande wa pili.